Kikundi Kikishaondoka, Kinarudi Lini?

   

Mazungumzo ya leo hapa redioni yanahusu waigizaji. Siwasemi wale wa televisheni, ingawa nao tunawapenda. Nawasema wale wanaokuja wenyewe mpaka mtaani kwako: vijana kumi au kumi na watano, ngoma mbili, begi la maleba, pengine spika moja, na hadithi wanayotaka kuiigiza mbele yako uwanjani, bila jukwaa wala pazia. Vikundi vya namna hiyo vimezunguka Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Nataka tuulizane vinatufanyia nini sisi tunaoishi mitaani. Na kuna swali moja ambalo nitalirudia mara nyingi, kwa hiyo lishike tangu sasa: kikundi kikishaondoka, kinarudi lini?

Tuanze na jambo lenyewe linavyokwenda. Munyaka, mtaa mmoja hapa Eldoret, haijajengewa jumba la maigizo. Kuna viwanja, kuna kumbi za makanisa, kuna madarasa ya shule. Basi chukua Jumamosi, saa tisa alasiri. Kikundi kinaingia na jambo la kwanza wanalofanya si kuigiza. Wanapiga ngoma. Wanapita kwenye vichochoro wakiimba, na watoto wanawafuata. Watoto huwa wa kwanza siku zote. Kisha wanakuja wenye bodaboda, maana wao wako barabarani na hawapitwi na kitu. Kisha mama mwenye kibanda cha mboga anasogeza kiti chake aone huku akiangalia biashara. Wanaume wazima hufika mwisho, wanasimama nyuma kabisa mikono kifuani, kama watu waliokuwa wanapita tu. Waigizaji wanaliona hilo na hawana haraka. Wanajua duara likifungwa, hata yule wa nyuma atavutwa.

Hadithi inaanza. Tuseme ni hadithi ya ploti ya hamsini kwa mia. Mzee ameiuza kwa mama muuza mboga aliyekusanya pesa zake kwenye chama kwa miaka. Mzee akafariki. Mtoto wake naye akaiuza ploti ile ile kwa mtu mwingine kutoka mjini, na karatasi zikaandikwa kwa wakili. Siku mama anakuja na mchanga na mawe ya kujengea, anakuta ua umesimamishwa na kufuli imetiwa. Msikilizaji, ukiishi Eldoret hadithi hiyo haihitaji kufafanuliwa. Unamjua mtu iliyemkuta. Pengine imekukuta wewe.

Sasa, mzozo ukifika kileleni, waigizaji wanaganda. Kila mmoja anabaki vile alivyokuwa, mkono hewani, mdomo wazi. Mmoja wao anajitokeza, huyu wanamwita mwezeshaji, anawageukia watazamaji: wazee, akina mama, vijana, hapa tulipofika, huyu mama afanye nini? Mmoja anasema aende kwa chifu. Mwingine anasema chifu atafanya nini, aende ofisi ya ardhi akafanye upekuzi wa hati. Kijana mmoja kutoka nyuma anapaza sauti: achome huo ua!

Na hapo ndipo kazi inapoanza. Mwezeshaji hamkaripii kijana. Anamwambia, karibu ndani utuonyeshe. Kijana anaingia kwenye duara, watu wanacheka, anashika kiberiti cha kufikirika. Yule aliyekuwa anaigiza jirani anamgeukia na kumuuliza: na mtoto wangu aliyelala nyumba ya pili, moto ukiruka ukuta? Kicheko kinakatika. Kijana anasimama pale, na mtaa mzima unamwangalia akifikiri.

Hebu niulize: ni wapi pengine jambo kama hilo linaweza kutokea? Kwenye baraza la chifu, mwenye kiti ndiye mwenye neno. Kanisani, mhubiri anahubiri na sisi tunaitikia. Kwenye mkutano wa siasa tunaambiwa, hatuulizwi. Lakini ndani ya duara lile, kijana ambaye hakuna mtu anayemtaka ushauri amepewa nafasi aseme analofikiri, na akaulizwa swali la haki kuhusu alichosema. Hakuna aliyeumia, maana ni mchezo. Lakini swali aliloulizwa si la mchezo.

Namna hii ya kuigiza ina historia. Mbrazili mmoja, Augusto Boal, ndiye aliyeikuza na kuisambaza duniani kuanzia miaka ya 1970. Alisema mtazamaji asikae tu akitazama, aruhusiwe kuinuka na kuugeuza mchezo. Lakini ukisoma kuhusu mambo yake usidhani tulikuwa tunasubiri Brazili itufundishe. Wazee wetu walipokuwa wakisimulia hadithi jioni, wasikilizaji waliitikia, wakaimba kiitikio, wakamsahihisha msimulizi akikosea. Hadhira yetu haikuwahi kuwa bubu. Boal alikuta mlango ambao kwetu ulikuwa wazi zamani.

Haya, sasa turudi kwenye swali letu. Jioni imeingia. Kikundi kinakunja maleba, kinapakia ngoma kwenye gari, kinaaga. Watoto wanalikimbilia gari mpaka barabara kuu. Kijana wa kiberiti amebaki na swali lake. Mama muuza mboga amebaki na tumaini kidogo, kwa sababu mtu fulani alisema kitu kuhusu ofisi ya ardhi ambacho hakuwa anakijua. Wanaume waliokuwa wamesimama nyuma wanabishana njiani. Je, mabishano hayo yanakwenda wapi? Nani atayaokota? Kikundi kinarudi lini?

Ngoja nikupeleke nyuma kidogo kwenye historia, maana swali hili si jipya.

Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Makerere, walimu wawili, David Cook na Betty Baker, pamoja na wanafunzi wao, walianzisha kikundi kilichoitwa Makerere Free Travelling Theatre. Waliigiza mahali popote palipokuwa na nafasi, na hawakutoza kiingilio. Waliigiza kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Uganda. Katikati ya miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikawa na kikundi chake cha kuzunguka, na mmoja wa watu waliokuwa na mkono mkubwa humo ni mwandishi wa Uganda, John Ruganda. Kumbuka hali ilivyokuwa wakati huo. Jumba la Taifa la Maigizo pale Nairobi lilifunguliwa mwaka 1952, wakati wa ukoloni, na kwa miaka mingi hata baada ya Uhuru lilibaki mikononi mwa michezo ya Waingereza. Mkulima wa Uasin Gishu angefika huko kufanya nini? Kwa hiyo wanafunzi waliobeba michezo yao kwenye gari na kuipeleka kwa watu walifanya jambo la maana sana, na nawapa heshima yao.

Lakini kulikuwa na kasoro, na aliyeisema wazi ni Ngũgĩ wa Thiong'o, mzee wetu aliyetutoka Mei 2025. Alisema kwamba vikundi hivyo viliwapelekea watu sanaa ya maigizo waionje. Yaani watu walikuwa wapokeaji. Walioandika mchezo wametoka mbali, walioucheza wametoka mbali, na kesho wote wako mbali tena. Ngũgĩ alitaka kitu kingine. Na alipopata nafasi, alikifanya.

Nafasi hiyo ilikuwa Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru. Pengine unajua kisa hiki, lakini nataka ukisikie leo ukiwa na swali letu moyoni. Kituo cha jamii kilikuwa kimeanza na masomo ya watu wazima, kusoma na kuandika, mwaka 1976. Watu wakasema tunataka mchezo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika mswada wa *Ngaahika Ndeenda* kwa Kikuyu, na wanakijiji wakaukosoa na kuurekebisha. Hawa walikuwa watu wa mashamba na wafanyakazi wa viwandani, na mchezo ulikuwa unazungumza habari zao, ardhi yao, mishahara yao. Wakiona mahali ambapo mwandishi hakuelewa, walimwambia. Mazoezi yalifanywa hadharani, mtu yeyote alikuja akatazama na kutoa maoni. Walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao wenyewe. Tarehe 2 Oktoba 1977 mchezo ukafunguliwa. Watu wakaja kutoka mbali kuutazama.

Tarehe 16 Novemba mwaka huo huo serikali ikaufutia leseni. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 wanakijiji wakarudi na mchezo mwingine, *Maitũ Njugĩra*, wakanyimwa kibali cha kuuigiza. Mwezi Machi mwaka huo polisi wakatumwa Kamĩrĩĩthũ, na ule ukumbi uliojengwa na wakulima ukabomolewa ukawa vipande.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu najiuliza: mbona vikundi vilivyopita na gari havikubomolewa kitu, lakini Kamĩrĩĩthũ ikabomolewa? Jibu langu ni hili. Kikundi kinachopita hakimtii mtu hofu. Kinachokaa na kurudi, kila Jumamosi na kila Jumapili, kinawapa watu tabia. Tabia ya kukutana, kubishana kwa hoja, na kukumbuka wiki hii kilichosemwa wiki iliyopita. Walioagiza ubomoaji waliielewa nguvu ya kurudi kuliko wengi wetu tunavyoielewa. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikimbilia Zimbabwe, na huko akafanya kazi ya kujenga vikundi vya maigizo ya jamii mpaka alipofariki mwaka 2008. Kenya ilimpoteza, Zimbabwe ikamfaidi.

Majirani zetu wa Tanzania nao wana somo. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi katika kijiji cha Malya, mkoa wa Mwanza. Hawakwenda na mchezo mkononi. Walikwenda kwanza kuuliza: shida yenu ni ipi? Wanakijiji wakaeleza hali ya vijana wao, na mimba za wasichana wa shule. Vijana wenyewe wakatengeneza maigizo kwa ngoma na nyimbo za kwao. Wale walimu wakaondoka, wakarudi, wakaondoka, wakarudi tena. Unaona? Wakarudi.

Na hapa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la PATH lilifanya kazi na vikundi vya vijana kwa mtindo ulioitwa Magnet Theatre, hasa kuzungumzia Ukimwi. Kanuni yake ilikuwa rahisi: mahali pale pale, saa ile ile, watazamaji wale wale, na onyesho la leo lianzie pale tulipoachia mara iliyopita. Wakati huo mtu mwenye virusi alikuwa anafichwa chumbani na watu wake. Ungewaambia watu mara moja tu waache unyanyapaa, wangekupigia makofi wakaenda zao. Lakini ukirudi baada ya wiki mbili na kuuliza, yule jamaa tuliyemwacha amekataa kumwambia mkewe, je, amemwambia? Sasa mtu amelala akiwaza jambo hilo. Huenda ni yeye mwenyewe hajamwambia mkewe.

Sisi watu wa Uasin Gishu tunalima mahindi, kwa hiyo niliseme kwa lugha yetu. Hakuna mkulima hapa anayeweka mbolea ya kupandia kisha akasahau shamba mpaka kuvuna. Mahindi yakifika magotini anarudi na ile ya kukuzia, asiporudi yanageuka manjano. Onyesho la kwanza ni mbolea ya kupandia. Narudia tena, kwa sababu ndilo jambo nililokuja nalo leo: kazi ya kikundi cha maigizo mtaani inaonekana pale kinaporudi.

Sasa tuje kwetu kabisa. Tuzungumze bila kuzunguka.

Eldoret ni mji wa watu wa kila mahali. Munyaka ni hivyo, na mitaa jirani ni hivyo, kila mmoja kwa kiwango chake. Tunanunua mboga kwa jirani, tunasomesha watoto shule moja, tunazikana. Na pia tumeumizana. Mwaka 1992 Burnt Forest iliungua katika mapigano ya kikabila. Mwanzo wa mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, tarehe mosi Januari, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa wakidhani nyumba ya Mungu itawakinga walichomewa humo, wengi wao akina mama na watoto. Maelfu walilala katika Uwanja wa Maonyesho wa Eldoret chini ya mahema. Watu wa Munyaka hawahitaji kusimuliwa na mimi. Ndiyo maana, katika mfano wangu wa mwanzo, swali la moto kuruka ukuta lilinyamazisha uwanja.

Maigizo yana uwezo gani mbele ya jambo zito kama hilo? Nitakueleza ninavyoliona. Kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyasema kwa kinywa chake. Hawezi kumwambia jirani yake, nilikuogopa. Hawezi kumwambia, nilikuona siku ile ukiwa na wale vijana. Lakini anaweza kumsikia mhusika kwenye mchezo akisema hivyo, akageuka kidogo amtazame jirani, na jirani naye anamtazama. Hakuna aliyetaja jina la mtu. Wote wawili wamesikia.

Baada ya mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wasanii wa Nairobi, akiwemo Babu Ayindo, walianzisha kikundi cha Amani People's Theatre mwaka 1994, kwa kazi hiyo hiyo ya kutumia sanaa kujenga amani. Nawaheshimu sana watu waliochagua kazi ya namna hii, maana haina umaarufu wala mali. Lakini hapa napo naomba tuwe waangalifu. Kidonda ukikifungua Jumamosi saa kumi na kuondoka saa kumi na mbili, umemfanyia mgonjwa nini? Mwanamke amelia mbele ya watu kwa sababu mchezo umemkumbusha. Nani yuko naye Jumapili? Nani yuko naye Jumatano? Kikundi kinachotaka kugusa mambo ya 2008 na hakina mpango wa kurudi, mimi nakiomba kiigize jambo lingine. Hili nalisema kwa moyo wote. Ni afadhali mchezo wa kuchekesha unaoondoka salama kuliko mchezo wa machozi unaotelekeza watu.

Na tena kuna suala la wakati. Vikundi vya amani tunaviona zaidi mwaka wa uchaguzi. Spika zinaletwa, fulana zinagawiwa, tunaimba amani, amani. Kura zikiisha, kimya cha miaka minne. Wasikilizaji, chuki hupikwa polepole katika ile miaka minne ya kimya. Hupikwa kwenye ploti iliyouzwa mara mbili, kwenye ng'ombe walioibwa, kwenye kazi aliyopewa mtoto wa fulani. Hayo ndiyo ya kuigizwa, na wakati wa kuyaigiza ni mwezi wa kawaida ambao hakuna mtu anayegombea kitu.

Nasikia mtu akiniuliza: mtangazaji, yote mazuri, lakini waigizaji wanakula nini? Swali la haki kabisa. Kurudi ni gharama. Gari linataka mafuta, kijana anataka nauli na chakula, na kodi ya nyumba haimngoji mtu kwa sababu ni msanii.

Tuangalie pesa zinatoka wapi. Kwa vikundi vingi vya Kenya, mshahara mkubwa uko shuleni, kwenye vitabu teule. Wazazi mnajua, maana mtoto amewahi kuja nyumbani akisema, tunatakiwa tulipe pesa ya mchezo. Kikundi kinakuja shule ya upili, kinawaigizia *Kigogo* cha Pauline Kea wakati ule kilipokuwa kinatahiniwa, au *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege. Asubuhi shule hii, mchana shule ile. Wanafunzi wanamwona mhusika akitembea na kupumua, na wengi hukumbuka kile walichokiona kuliko walichosoma. Ni kazi nzuri. Imewalisha waigizaji na imewapa wanafunzi wa vijijini onyesho lao la kwanza maishani.

Sasa mimi nina pendekezo, na nalitoa kwa walimu wakuu na kwa viongozi wa vikundi wanaonisikia. Kikundi kikimaliza kuigiza shuleni saa nane mchana, gari liko hapo, waigizaji wako hapo, maleba yako hapo. Kwa nini wasibaki? Saa kumi waingie uwanjani mtaani, wawaigizie wazazi wa wale wale wanafunzi. *Bembea ya Maisha* ni hadithi ya nyumba ya Yona na Sara, ya ulevi, ya mabinti, ya ugonjwa wa mama. Je, mzee wa Munyaka hana la kusema juu ya hayo? Mtoto na mzazi wakila chakula cha jioni wakiwa wameona mchezo mmoja, watakuwa na la kuzungumza ambalo halikuwapo jana. Na kwa sababu kikundi hurudi shuleni mwaka baada ya mwaka, kitarudi mtaani pia. Safari imekwisha kulipiwa.

Jambo hili lina haraka yake. Mfumo wa 8-4-4 unakwisha, mtihani wake wa mwisho wa KCSE ni mwaka 2027. Katika shule za upili za mtaala mpya, maigizo na filamu ni somo ambalo mwanafunzi anaweza kulichagua. Kwa hiyo kutakuwa na vijana wanaojifunza kazi hii darasani. Watajifunzia kwa nani, kama hawajawahi kuona kikundi kikifanya kazi mtaani kwao? Na hapa hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Moi kina idara inayofundisha fasihi, maigizo na filamu. Wanafunzi wake wakija Munyaka mara moja kila mwezi, muhula mzima, watajifunza kitu ambacho ukumbi wa mihadhara hauna: watu watakaowaambia wazi kwamba hapo mmedanganya, maisha hayaendi hivyo.

Mashirika nayo hulipa. Sitawabeza, bila wao vikundi vingi vingekufa. Lakini mwenye kulipa mara nyingi huja na ujumbe tayari. Mwaka huu ni malaria, mwaka ujao ni ndoa za mapema, baadaye ni mazingira. Kikundi kinageuka spika ya mtu mwingine. Watazamaji nao si wajinga, wanaijua sauti ya kukodishwa. Ndiyo maana nasema mtaa nao uchangie. Shilingi kumi, shilingi ishirini kwenye kofia inayopitishwa. Mama anayewapa waigizaji chai na mandazi amechangia. Mwenye ploti anayewaachia chumba cha kuhifadhi ngoma amechangia. Mtaa ukichangia, una haki ya kusema tunataka mchezo juu ya jambo hili, na si lile.

Na kuna faida nyingine ya kurudi. Mtaa unaokijua kikundi chake hukilinda. Mwaka 2013 wasichana wa shule ya upili ya Butere walizuiwa kupeleka *Shackles of Doom* kwenye tamasha la taifa la shule, mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru waachwe waigize. Miaka kumi na miwili baadaye, Aprili 2025, shule hiyo hiyo ilifika Nakuru na mchezo wa *Echoes of War*. Mahakama ilikuwa imewaruhusu. Polisi walirusha vitoa machozi nje, na wale watoto waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa maneno wazi. Lakini sheria kwenye karatasi haitoshi kama mwigizaji amesimama peke yake. Kikundi kilichokuja mara moja, nani atakiulizia kikizuiwa? Kilichokuja mara kumi, mama wa mboga ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuliza, wale vijana wetu wako wapi?

Muda wangu unakaribia kwisha, kwa hiyo niombe mambo ninayotaka kuomba.

Ndugu zetu wa serikali ya kaunti, Katiba imewapa ninyi shughuli za utamaduni na burudani za umma. Eldoret ni jiji sasa, tangu Agosti 2024. Jiji lina barabara na taa, na lina pia mahali ambapo watu wake wanakutana kutazama maisha yao. Sisemi mjenge jumba la mabilioni. Tengeni kiwanja kimoja katika kila wadi, kiwe na kivuli, choo na taa moja yenye nguvu, na kijana asizungushwe wiki tatu kutafuta barua ya kibali.

Wachungaji na maimamu, mna kumbi na mna watu. Fungueni milango siku ambayo si ya ibada. Walimu, fikirieni lile pendekezo la saa kumi.

Na wewe unayenisikiliza hapo Munyaka: siku kikundi kitakapomaliza kuigiza na kuanza kukunja maleba, mtafute kiongozi wao kabla hajapanda gari. Mshukuru, kisha muulize tarehe ya kurudi. Iandike. Mpelekee mzee wa nyumba kumi na mchungaji wako waijue. Siku hiyo ikifika, njoo mapema, na uje na yule jirani ambaye hamjazungumza siku nyingi.